Mwalimu Aliyekataa Neno Moja

Wako watu wa Ikutha wanaosema kwamba nilimwokoa Mwalimu wa Fasihi asifutwe kazi, na hadi leo wananishukuru. Yeye mwenyewe hakunishukuru. Kuanzia Jumamosi ya tarehe 8 Oktoba 1988 hakunisemesha tena, isipokuwa ile salamu ya mbali ambayo mtu humpa hata asiyemjua, na kimya hicho kilidumu karibu miaka minane. Ninaandika habari zake kwa sababu nilimpenda kama mwanafunzi anavyompenda mtu aliyemfungua macho, na kwa sababu miaka hiyo yote sikujua kama nilikuwa nimemtendea wema au nimemsaliti.

Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake sina. Nilijua tu kwamba alitoka upande wa Nuu na kwamba alifika Ikutha mwaka 1981 kufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari iliyojengwa na wananchi na kulelewa na kanisa letu. Jina lake sitalitaja. Tulimwita Mwalimu, na palipokuwa na walimu wengine tulimwita Mwalimu wa Fasihi, ili asichanganywe na yule wa hesabu, ambaye watu walimheshimu zaidi.

Alikuwa mwembamba, mwenye fulana ya sufu ya rangi ya kahawia aliyoivaa hata mwezi wa Februari, wakati mchanga wa mto Tiva unachoma nyayo kupitia viatu. Baiskeli yake aliisukuma zaidi ya kuiendesha. Chakula cha mchana alikibeba katika mkebe wa majani ya chai: muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kila siku, bila kubadilisha. Alikula akisoma, na punje zilizomdondokea aliziokota moja moja bila kuondoa macho kwenye ukurasa.

Mimi nilisoma nikiwa mtu mzima. Mume wangu alifariki tarehe 3 Machi 1974, akaniacha na binti mmoja, Mueni, na ng'ombe wanne. Nilikuwa nimekomea darasa la pili. Nilianza ngumbaru mwaka 1979, nikapata cheti cha msingi mwaka 1985, na nilipotangaza kwamba nitafanya mtihani wa kidato cha nne, shemeji zangu walicheka kwa adabu. Mwalimu hakucheka. Siku ya kwanza ya darasa lake la Jumamosi, tarehe 11 Januari 1986, wanawake saba tulikaa katika ukumbi wa kanisa kwenye viti vya watoto wa Shule ya Jumapili, magoti yamefika kifuani. Mzee wa kanisa aliyetutambulisha alisema kwamba mimi ni mjane na nahitaji kuvumiliwa. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Mama Mueni, umesoma nini mpaka sasa?"

Nikamwambia nimesoma Biblia na kitabu kimoja cha ufugaji wa kuku.

"Vizuri. Katika hicho cha kuku, mwandishi anaogopa nini?"

Nilifikiri ananidhihaki. Nilipofika nyumbani nilikichukua kitabu kile nikakisoma upya, na ni kweli, mwandishi alikuwa na hofu. Kila ukurasa alirudia habari ya mlango usiofungwa vizuri. Tangu siku hiyo sikupenda tena kuvumiliwa.

Jambo alilojulikana nalo zaidi ni kukataa neno moja. Ukimwuliza mwanafunzi wa kidato cha nne dhamira ya hadithi ni nini, atakujibu: mapenzi. Au ufisadi. Au ukoloni. Hayo ndiyo majibu yaliyokuwa yakinakiliwa na kukaririwa nchi nzima, na yalipata alama. Mwalimu aliyapokea kama mtu aliyepewa sahani tupu. "Mapenzi yamefanya nini?" angeuliza. "Yamemfanya nani? Yamemgharimu nini?" Alisema kwamba anayetaja dhamira kwa neno moja amemsomea bango lililo juu ya duka, na yeye anataka kuingia ndani aone kilichomo kwenye rafu. Ilibidi dhamira iwe sentensi kamili, yenye mtu ndani yake na tendo ndani yake, na ilibidi iweze kubishiwa. Sentensi ambayo hakuna anayeweza kuipinga, alisema, haijasema kitu.

Ukishaitoa sentensi yako, alisema, "Kidole." Maana yake uweke kidole kwenye mstari wa kitabu unaoithibitisha. Hakukubali "mwandishi anaonyesha" wala "tunaona kwamba." Nimewahi kukaa robo saa nzima nikifunua kurasa huku wenzangu wakisubiri, kwa sababu nilikuwa na hakika na jambo ambalo, kumbe, halikuandikwa mahali popote. Nilikuwa nimelileta mwenyewe kutoka nyumbani.

Sisi wanawake wa kanisa tulikuwa na kosa letu la pekee, na nadhani halikupatikana darasa jingine lolote. Tulisoma hadithi kama tunavyosikiliza mahubiri. Insha yangu ya kwanza kuhusu riwaya ilikuwa na fundisho la kwanza, la pili na la tatu, kila moja na aya yake ya Biblia, na mwishoni nilimsihi msomaji atubu. Riwaya yenyewe ilimhusu mwenye bucha aliyefunga chakula ghalani na kutembea na ufunguo shingoni ili mkewe aombe kila kibaba cha unga. Mwalimu aliandika chini kwa wino mwekundu: "Umemhubiria mwenye bucha. Hukumsikiliza."

Lakini kosa lililotushinda sote lilifanywa na Susu, bibi mkubwa kuliko sisi, ambaye alikuja darasani kwa sababu alipenda kusikia hadithi zikisomwa. Jumatano moja katika ibada ya maombi, mchungaji alipouliza nani ana mahitaji, Susu alisimama akaomba kanisa limkumbuke mama mmoja ambaye mumewe anamfungia chakula na kutembea na ufunguo. Mchungaji akaguswa. Kanisa zima likasimama likamwombea mwanamke yule kwa muda mrefu, wengine kwa machozi, na sisi sita tuliojua kwamba yumo kitabuni tukainamisha vichwa, hatujui kama tuseme amina. Jumamosi tulimshtaki Susu kwa Mwalimu. Tulitaka amweleze kwamba mtu yule hayupo.

Mwalimu hakumweleza. Alimwuliza aliomba nini hasa. Susu akasema aliomba mume afe, lakini kwa upole. Mwalimu alivua miwani, akaipangusa kwa fulana yake, na kwa mara ya kwanza akatuambia kwamba kuna mtu katika chumba hiki anayejua kusoma. Susu hakujua hata herufi moja. Mwalimu alituambia sisi wenye vyeti tujifunze kwake kwanza kuumia, ndipo tuje kutafuta dhamira. Wiki iliyofuata alirudi kwenye kidole kama kawaida, na Susu akasinzia.

Hakubagua kazi za sanaa. Alituambia dhamira haiko vitabuni tu, na ili kuthibitisha alituagiza kila mmoja alete kitu kilichotengenezwa kwa mikono. Nilileta kiondo, kikapu nilichosukiwa na jirani yangu. Kilikuwa cha mkonge wa rangi ya udongo kuanzia kitako, na katikati ghafla kikabadilika kuwa cheusi mpaka mdomoni. Mwalimu alikizungusha mikononi kwa furaha. Alizungumza kwa nusu saa juu ya rangi ile: maisha yaliyokatizwa, ujane, mwaka wa njaa, mkono wa msusi uliokata shauri. Tuliandika yote. Jumamosi iliyofuata nilimleta jirani yangu mwenyewe, na Mwalimu akamwuliza kwa heshima kubwa kwa nini alibadilisha rangi pale.

"Rangi iliisha," akasema.

Tulicheka mpaka viti vikalia. Mwalimu alicheka kuliko sisi, akaomba kiondo akakitazama tena, kisha akamwuliza: rangi ilipoisha, mbona hukusubiri siku ya soko ununue nyingine? Jirani yangu akafikiri. Akasema mwenye kiondo, yaani mimi, nilikuwa nikienda hospitali Kitui siku ya pili na nilihitaji kitu cha kubebea. Mwalimu akatugeukia. Ilikuwa sentensi kamili, yenye mtu na tendo. Hata hivyo nilikwenda nyumbani nikifikiri kwamba alikuwa na ujanja wa kutoshindwa.

Maana alikuwa na kasoro zake, nami sitazificha. Alikuwa mgumu wa sifa kama ardhi ya kwetu mwezi wa Septemba. Alama yangu ya juu kabisa kwake ilikuwa kumi na tatu kwa ishirini. Aliwakataza wanafunzi kulia wanaposoma mashairi, akisema machozi yanafunika mstari, lakini mchezo wa redio wa Jumapili alasiri ulimliza yeye, mchezo wa hovyo wenye mapacha waliopotezana, na mkewe alituambia kwamba humfukuza kila mtu chumbani kabla haujaanza. Alisema mwandishi ndiye mtu wa mwisho kuulizwa kuhusu dhamira ya kazi yake, kwa sababu yeye alikuwa na shughuli. Hata hivyo alipoandika kitu chake mwenyewe hakuwa na subira na mtu aliyekisoma tofauti. Na alikuwa hodari wa kuchambua hadithi lakini hakuweza kabisa kusimulia moja. Kwenye matanga, zamu yake ya kumkumbuka marehemu ilipofika, alisimama akasema sentensi mbili zisizo na mwanzo, akaketi.

Kwa hiyo tulishangaa mwaka 1988 aliposema ameandika mchezo wa kuigiza kwa ajili ya siku ya wazazi shuleni.

Hapa sharti nieleze jambo lililotangulia mwaka mmoja. Mwaka 1987 kanisa letu lilijenga tangi la maji. Mchanga na mawe yalibebwa na kikundi chetu cha mwethya, wanawake wanaofanya kazi ya pamoja kwa zamu, na mimi nilikuwa mwandishi wa kikundi hicho. Tulibeba kutoka Tiva tangu mwezi wa Juni hadi Agosti. Tangi lilipozinduliwa, kwenye saruji palikuwa pamechorwa jina la mwenyekiti wa kamati ya tangi, ambaye alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya shule, pamoja na mwaka. Hakuna jambo jingine lililoandikwa. Wenzangu wengi hawakujua kusoma. Waliniuliza, mikono yao ikiwa bado na malengelenge, "Mama Mueni, wametuandikaje?" Nikatazama saruji, nikawatazama wao, nikasema: "Wameandika, kwa utukufu wa Mungu, akina mama wa Ikutha." Wakapiga vigelegele. Nilidhani hakuna aliyejua. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu na baiskeli yake.

Mchezo wake ulikuwa hivyo hivyo, isipokuwa palikuwa na bwawa badala ya tangi. Wanawake wanabeba mawe misimu mitatu ya kiangazi. Bwawa linapokamilika, jiwe linafunuliwa lenye jina la mkubwa mmoja. Mwanamke mmoja tu anajua kusoma. Wenzake wanamwuliza, naye anawasomea maneno ambayo hayapo. Vigelegele, mwisho.

Alitusomea darasani kabla haujachezwa, bila kunitazama. Kisha akatutaka tutoe dhamira. Nilisimama nikasema: mwanamke anayewapenda wenzake huwapa heshima ambayo wakubwa wamewanyima, hata kama ni kwa uongo. Ilikuwa sentensi kamili. Niliweka na kidole. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Hapana, Mama Mueni. Mwanamke yule ni mwizi. Wenzake walikuwa na haki ya kukasirika, naye akawaibia hasira yao."

Nilimwuliza kama yeye angewaambia ukweli, pale, mbele ya wakubwa na wageni. Alisema ndiyo, bila kusita. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeumia kama mtu aliyechapwa mbele ya watoto. Kesho yake nikamheshimu zaidi, kwa sababu niliamini kwamba kweli angewaambia.

Mchezo ulichezwa Jumamosi, tarehe 24 Septemba 1988. Wanafunzi wa kidato cha tatu waliucheza vizuri mno. Kijana aliyeigiza mkubwa alitembea mikono nyuma, tumbo mbele, na hapakuwa na mzazi aliyehitaji kuambiwa ni mwendo wa nani. Mwenyekiti alikaa kiti cha mbele. Hakuondoka. Alipiga makofi mara tatu, polepole, akavaa kofia yake.

Wiki mbili baadaye niliitwa mbele ya kamati ya shule. Mwalimu alikuwapo, amekaa pembeni karibu na dirisha, mkebe wake wa chakula magotini. Wazee watano walikuwa mezani, na karatasi za mchezo ziko mbele ya Mwenyekiti. Nilielewa upesi jambo lililokuwa hatarini. Shule ilikuwa ya kanisa. Kamati ikiandika kwamba mwalimu anawafundisha watoto kudharau wazee, kazi yake imekwisha, na hakuna shule nyingine ya kanisa itakayompokea. Alikuwa na watoto watatu sekondari na hakuwa na shamba upande huu.

Mwenyekiti alinikaribisha kwa upole. Alisema wao ni wazee wa zamani, hawakusoma mambo haya ya fasihi, na wamesikia kwamba mimi ndiye mwanafunzi bora wa Mwalimu. Ningewasaidia kwa kuwaeleza jambo moja tu.

"Mwaitu," akasema, yaani mama kwa Kikamba, "dhamira ya mchezo huu ni nini?"

Nilimtazama Mwalimu. Hakunitazama, alikuwa akitazama nje, kwenye uwanja. Hakuniomba kitu, wala kwa jicho wala kwa mkono. Nilikuwa na sentensi mbili kamili kichwani, yake na yangu, na mojawapo ya hizo ingemmaliza.

"Dhamira ni umoja na maendeleo, Mzee," nikasema.

Mwenyekiti alitazamana na mzee aliyekuwa kulia kwake. Akaniuliza kama sidhani kwamba mchezo unazungumzia tangi la kanisa. Nikaomba karatasi. Nikaweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza, mahali palipoandikwa bwawa, kisha wa pili, kisha wa nne. Nikamwambia nimeusoma wote mara tatu na tangi halitajwi popote. Mzee mmoja akasema, "Basi huyu mama amesoma kweli," wakacheka, na kikao kikafungwa kwa maombi.

Nje, nilimngoja Mwalimu karibu na baiskeli yake. Nilidhani atacheka, au aninung'unikie kwa namna yake. Alifunga mkebe kwenye kiti cha nyuma kwa mpira, akachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Umoja na maendeleo," akasema. "Nimekufundisha miaka mitatu."

Akasukuma baiskeli yake akaenda zake. Jumamosi iliyofuata darasa halikuwapo, wala iliyofuata. Mwezi wa Januari 1989 alihamia shule nyingine upande wa Makueni kwa ombi lake mwenyewe. Nilifanya mtihani wangu Novemba 1990 nikipitia maandishi yake mekundu, nikafaulu Kiswahili kuliko somo jingine lolote. Nilimwandikia kumwarifu. Hakujibu. Nilipoajiriwa kufundisha ngumbaru mwaka 1992 nilimwandikia tena. Hakujibu. Mimi si mtu wa kubembeleza. Sikuandika mara ya tatu. Lakini kila nilipowaambia wanafunzi wangu wasijibu kwa neno moja, nilisikia sauti yangu mwenyewe mbele ya wazee wale, nikajiona mnafiki.

Nilimkuta bila kumtafuta, Jumatano, tarehe 21 Agosti 1996, huko Mtito Andei. Nilikuwa nimemtembelea Mueni, aliyekuwa muuguzi pale, na nilikuwa nikisubiri basi la saa nane la Kibwezi, njia ya kurudi Ikutha. Niliingia kwenye hoteli moja kando ya barabara ambako madereva wa malori hula, na kwenye meza ya mlangoni alikaa mzee mwenye fulana ya kahawia, daftari mbele yake, akinakili maneno yaliyochorwa kwenye bodi za malori yaliyoegeshwa.

Alinitambua kabla sijaamua kama nigeuke. Alisimama, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia, akanivutia kiti. Alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia na alikuwa na nyumba ndogo nyuma ya soko. Kwa muda tulizungumza juu ya malori. Alinionyesha moja lililoandikwa Mama Alisema, akaniambia kwamba amemwuliza dereva mama alisema nini, na dereva akajibu kwamba lori lilinunuliwa likiwa limeandikwa tayari. Nikacheka bila kutaka. Chai ikaja. Akaizungusha ndani ya kikombe bila kuinywa.

"Mama Mueni, ile siku ya kamati," akasema, "unajua kwa nini walikuita?"

Nikamwambia ninajua: walitaka kusikia kutoka kwa mwanafunzi.

"Walitaka kulinganisha. Mwenyekiti alikuwa na barua yangu mfukoni. Niliiandika Alhamisi, tarehe sita. Niliwaandikia kwamba mchezo ule hauna lolote ila umoja na maendeleo."

Nilimwomba arudie, naye akarudia. Alisema mkewe alimshikia taa, na watoto wote watatu walikuwa nyumbani kwa sababu ya karo, na aliandika barua ile mara moja bila kufuta neno. Hakuna mtu aliyejua. Kisha nikaingia mimi, nikasema maneno yale yale kana kwamba nilikuwa nimeisoma barua, na wazee wakatazamana, mambo yakaisha. Kama ningesema ukweli, angeonekana mwongo mbele yao. Nilipodanganya, alijiona mwongo mbele yangu. Alisema hakuweza kunitazama usoni, na barua zangu mbili bado anazo, kwenye sanduku, zimefunguliwa na kusomwa.

Sijui mtu mwingine angefanya nini. Mimi nilikasirika. Nilimwambia kwamba nimebeba jambo lile miaka minane kasoro wiki chache, nikiamini nimemwangusha mtu ambaye angesimama. Alisema anajua. Nikamwambia hajui. Akasema basi hajui. Meza ya jirani, dereva mmoja alitugeukia akitabasamu, nadhani alitudhania mke na mume, nami nikamtazama mpaka akarudi kwenye ugali wake. Hasira yangu ikaisha hapo hapo, sijui iliendea wapi. Nilikuwa nikimtazama mzee mwembamba aliyeandika barua ya woga kwa ajili ya watoto wake, na sikuona cha kusamehe.

"Yule mwanamke wa kwenye mchezo," akasema. "Nilisema ni mwizi. Nimefikiri sana tangu nistaafu. Nadhani wewe ndiye uliyesoma vizuri. Aliwapenda."

Nilishusha kikombe.

"Hapana, Mwalimu. Na mimi nimefikiri. Aliogopa. Hakumwogopa mkubwa, aliogopa nyuso za wenzake. Asingeweza kuzitazama zikibadilika. Huo si upendo, ni mtu anayejihurumia mwenyewe."

Alivuta kiti karibu na meza. Macho yake yalikuwa yameamka kama nilivyoyajua zamani, ukumbini, kabla ya tangi na kamati na barua. Alisema ninakosea, kwamba mtu aliyeogopa asingengoja kabla ya kusoma, na kwamba kuna kituo pale, ameandika kituo. Nikasema kituo kile ndicho woga wenyewe. Akasema nimthibitishie. Nakala hatukuwa nayo, kwa hiyo ilitubidi tuukumbuke mchezo neno kwa neno tangu mwanzo, yeye akisema ya wanawake na mimi nikisema ya mkubwa, tukisahihishana, huku mhudumu akituuliza mara mbili kama tunahitaji meza bado.

Basi la saa nane lilipiga honi, likangoja kidogo, likaondoka. Nililisikia vizuri. Tulikuwa ndiyo kwanza tumefika onyesho la pili.